Ini la Ta Rwegoshora

Jongoo alikuwa ameshang'oka, na dunia ilikuwa inarudi nyuma dirishani kama sahani inayoondolewa mezani kabla mtu hajashiba. Abiria walijazana kwenye vioo. Wengine walilia, wengine waliimba, wengine walibishana kama ile alama ya samawati ni ziwa la kwao au ni wingu tu. Kemilembe hakwenda dirishani. Alikuwa kwenye chumba chake cha vipimo, amebana chupa ya jeli kwapani ipate joto, maana alifundishwa, na aliamini, kwamba mpimaji anayempaka mtu jeli ya baridi tumboni hana adabu.

Kwenye hati za safari chombo kile kilikuwa na jina jingine, refu na la heshima. Lakini watu wa Kagera walipokiona mara ya kwanza, mwili wote pingili kwa pingili, walikiita Jongoo, na jina likaganda. Mbele yake alifungwa Punda, chombo kidogo chenye nguvu za ajabu. Kazi ya Punda ilikuwa kumvuta Jongoo hadi atoke kwenye mikono ya dunia, halafu amwachie, ageuke, arudi nyumbani. Punda akishaachia, basi. Hakuna tena cha kusema nimesahau mwavuli. Mbele kulikuwa na mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, kuba la kioo lililokwisha jengwa na mashine, udongo uliokwisha chachushwa, na safari ya miaka. Miaka yote hiyo watu wangelala.

Usingizi wenyewe haukuwa wa kuota ndoto. Ulikuwa wa dawa. Mwili unapoa, moyo unapiga kwa kusitasita, na kiungo kinachobaki kazini bila likizo ni ini. Ini linatoa akiba ya sukari na mafuta kidogo kidogo, na ini linasafisha ile dawa isigeuke sumu. Mwenye ini zima huamka na njaa. Mwenye ini la makovu haamki. Ndiyo maana moyo, mapafu hata meno vilipimwa kule chini, lakini ini liliachwa lipimwe mwisho, chomboni, siku ya kuondoka. Dozi hupangwa kwa ini la siku hiyo. Atakayeshindwa anarudi na Punda.

"Karibu," alisema Kemilembe.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kabyemera, fundi wa mabomba, kijana mwenye kifua kama mlango wa ghala. Alilala kitandani akavua shati kwa madaha.

"Dada, angalia vizuri. Huku ndani kuna ini la kuonyesha wageni."

"Vuta pumzi. Shikilia. Acha maneno."

Mashine ya altrasaundi ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ya tangu enzi za mabibi: inatuma sauti isiyosikika ndani ya mwili, inapokea mwangwi, na mwangwi unachora picha ya kijivu. Ya pili inalisukuma ini kwa sauti hiyo hiyo, kama mtu anavyobonyeza parachichi sokoni, kisha inatoa namba: limelegea au limekaza. Wakubwa waliipenda namba. Namba haina maneno mengi.

Namba ya Kabyemera ilikuja nyekundu.

Kemilembe alirudia. Nyekundu. Akamtoa, akamwita mwingine, nyekundu. Wa tatu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikimbia mbio ndefu kila asubuhi; nyekundu. Mpaka wa kumi, jasho lilikuwa linamtoka. Akafunga mlango, akalala mwenyewe kitandani, akajipima. Kijani. Kijani safi, kama jani la mgomba baada ya mvua.

Basi mashine haikuwa mbovu. Akafungua mlango. Aliyefuata alikuwa Ma Kokushubila, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, ambaye alipolala tu aliteuka, akafunika mdomo kwa kanga.

"Samahani, mwanangu. Ni zile senene."

Kemilembe, aliyewala panzi hao tangu utotoni, alisimama na kichwa cha mashine mkononi. "Senene zipi?"

"Za kwenye ndizi. Wewe hukupata? Waitu, na zilivyokuwa tamu!"

"Mama, tangazo lilisema nini? Mtu asile chochote mpaka apimwe."

"Tangazo tulilisikia," alisema Ma Kokushubila kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Lakini Ta Rwegoshora alikuja na masufuria yake. Akasema hakuna Mhaya aliyewahi kuondoka kwao na tumbo tupu, na ukiondoka na njaa, njaa hiyo ndiyo utakayoifikisha. Sasa mzee amekupakulia kwenye jani, ungemwambia nini? Kwamba sauti ya kwenye spika imekataza?"

Hapo Kemilembe alielewa. Mtu akila, damu nyingi hukimbilia utumboni, na yote hupitia kwenye ini ikiwa njiani kurudi. Ini huvimba kwa kujaa damu, likakaza, kama mpira uliotiwa upepo. Ukilibonyeza wakati huo, hata ini la malaika litaonekana gumu. Kila mwanafunzi wa altrasaundi huambiwa hivyo wiki ya kwanza. Yeye mwenyewe aliwaambia wakubwa wa safari. Ila hakuna aliyefikiri kwamba abiria karibu wote wangevunja agizo kwa pamoja, kwa sababu mzee mmoja amepika.

Na mzee huyo alikuwa mjomba wake.

*

Nahodha Atupele Mwakalobo alikuwa mwanamke wa Rungwe, mfupi, mkavu wa maneno, na tangu kambi ya maandalizi alikuwa kwenye vita vya utani na abiria wake juu ya nani hasa anajua kupika ndizi. Safari hii hakutania.

"Wote uliowapima ni wekundu, wa kwanza mpaka wa mwisho," alisema. "Sheria inasema nyekundu anarudi. Punda amejengwa kubeba hata wote ikibidi. Nisukume chombo kitupu mpaka Mshtarii nikapande ndizi peke yangu?"

"Utazipika vibaya," alisema Kemilembe, ikamtoka tu.

Nahodha alimtazama. Kona ya mdomo ikacheza kidogo, ikarudi mahali pake.

"Wafunge sasa. Uwapime tena."

"Ini litatulia Punda akiwa ameshaachia. Tukisubiri, hapimwi hata mmoja kabla ya hapo."

"Basi?"

Kemilembe alinyoosha mgongo. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno ya utu uzima, na mjomba aliyemlea alimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: ukiwa unajua kitu, kiseme umesimama wima.

"Namba imeharibiwa na chakula. Picha haikuharibiwa. Rangi ya ini, ukingo wake, mishipa yake, ukubwa wa bandama, hayo hayabadiliki kwa sahani moja ya ndizi. Watu walisoma maini kwa jicho miaka mingi kabla ya hizi namba. Mimi nasoma. Nitawapitia wote kwa picha, na nitawagongea muhuri kwa jicho langu."

"Na mmoja asipoamka?"

"Jina langu ndilo litakuwa kwenye muhuri."

"Unajua unachoniomba? Niwalaze watu wote hawa kwa neno la mtu mmoja."

"Najua. Ndiyo maana nimelisema mara moja tu."

"Nenda," alisema Nahodha. "Na huyo mpishi wenu, akimaliza kupimwa, nimwone."

*

Alifanya kazi siku ile kama hajawahi kufanya. Aliweka ini na figo ya kulia kwenye picha moja, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili dukani. Kwa mwenye ini zima rangi hukaribiana. Kwa mwenye mafuta ini hung'aa jeupe, na figo iliyo jirani huonekana nyeusi kama imejificha kwa aibu. Mafuta yakizidi, sauti huchoka njiani: kuta za mishipa hufifia, na kiwambo kule nyuma, ule upinde unaotenga tumbo na kifua, hupotea kama mlima kwenye ukungu.

Kabyemera alikuwa amesema kweli. Ini lake lingeweza kuonyeshwa wageni.

La Ma Kokushubila liling'aa.

"Linang'aa?" alisema mama yule, akiinua kichwa kutazama kioo. "Ona! Mume wangu miaka yote alikuwa akiniambia hakuna kinachong'aa kwangu."

"Ni mafuta, mama. Kuta za mishipa bado naziona, kiwambo nakiona, ukingo ni laini. Utalala, lakini dozi yako nitaipunguza, na usingizi utakula mafuta hayo. Ukiamka, usiyarudishe."

"Hilo siwezi kukuahidi nikiwa mbali na jikoni."

Walipita. Mmoja baada ya mwingine walipita, na kila muhuri alioupiga Kemilembe uliingia kwa sauti aliyoipenda. Hakuficha kwamba alikuwa anajivuna. Kuna watu hujivunia nyumba. Yeye alijivunia kile kiganja chake kinachojua kuinamisha kichwa cha mashine kidogo tu, chini ya ubavu, mpaka ini lifunguke kama kitabu. Nje watu walikuwa wameanza kuimba tena.

Ta Rwegoshora alikuja wa mwisho kabisa. Mrefu, koti la sufi, kofia ameishika mkononi, mfukoni buni za kutafuna alizokuwa akiwagawia watu kama mwenye nyumba. Ndiye aliyebeba machipukizi ya migomba: enshakala, mgomba wa ndizi za kupika, kutoka kibanja cha baba yake, shamba la nyumbani kule Kamachumu, yamefungwa kwa majani makavu, yamelazwa kwenye sanduku la baridi kama watoto wachanga. Hakuna mwingine chomboni aliyejua kuyaamsha.

"Mpimaji mkuu," alisema, akijilaza. "Nimesikia umemshinda yule mama wa Rungwe."

"Mjomba, umenitia matatani."

"Nimewalisha watu. Tangu lini ni kosa?"

Kemilembe alimpaka jeli. Ya vuguvugu. Akaweka kichwa cha mashine chini ya ubavu.

Kwanza aliona tumbo la chakula. Lilikuwa tupu. Limesinyaa, kuta zimekutana, kama mfuko wa mtu ambaye hajala tangu jana. Yeye aliyewalisha wote hakula.

Halafu akaona ini.

Ukingo wa ini unapaswa kuwa laini kama mdomo wa kikombe. Huu ulikuwa na vinundu kama ganda la fenesi. Ndani rangi ilikuwa mabakamabaka, mwangwi una mikwaruzo, mishipa imebanwa. Akahamisha mkono kushoto: bandama ilikuwa kubwa, imeipita figo. Kwenye mfereji wa chini, kati ya ini na figo, palikuwa na mstari mwembamba mweusi. Maji yameanza kujaa tumboni.

Akatazama juu. Mzee hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akimtazama yeye.

"Umeliona," alisema.

"Tangu lini?"

"Homa ya ini. Ile ya virusi. Nimetembea nayo ujana wote bila kujua. Hospitali waliniambia mwaka juzi. Walinipima kwa hiyo hiyo mashine yako. Wakaniambia, mzee, njoo hujala, ukila namba inapanda."

Kemilembe aliweka kichwa cha mashine chini taratibu. Mambo yote ya siku ile yakajipanga mbele yake. Masufuria. Senene. Njaa utakayoifikisha.

"Uliwalisha wote makusudi," alisema. "Wote wawe wekundu ili wekundu wako upotee ndani yao. Ungerudisha watu wote hawa, mjomba!"

"Nisingewarudisha. Nilijua wewe upo. Nilijua utasema ni chakula, na watakusikiliza." Aliketi, akajifuta jeli kwa kitambaa, bila haraka. "Sasa sema ni chakula."

"Tumbo lako ni tupu. Nimeliona."

"Aliyeliona ni wewe peke yako."

"Ukilala huamki! Hilo unalijua?"

"Najua kuliko wewe. Sikuja kuamka." Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, kama anayekwenda barazani kwa watu. "Sikiliza, Kemi. Kibanja ni nini? Migomba tu? Hata mpangaji ana migomba. Kibanja ni pale walipolala baba zako. Mnakwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuzikwa. Mtapanda, mtavuna, na bado mtakuwa wageni. Mimi nimekwisha. Niache niwe kaburi la kwanza. Watoto wenu waseme: hapa ni kwetu, Ta Rwegoshora yuko pale, chini ya enshakala. Hicho tu. Muhuri mmoja."

Mtu huyu alimfundisha Kemilembe kugonga mgomba kwa vidole na kusikia kama umeoza ndani, kabla hajajua kwamba kuna shule wanakofundisha kugonga kwa sauti. Na alichoomba hakikuwa cha aibu. Kilikuwa kikubwa. Angalau kama kingekuwa cha aibu ingekuwa rahisi kukataa.

Akautazama muhuri mezani. Ulikuwa na joto bado, kwa kutumika.

"Watu wote huko nje," alisema mwishowe, "wanalala kwa jicho langu. Hawana namba. Hawana kingine. Kabyemera, Ma Kokushubila, wote. Nikidanganya kwa mmoja, jicho hilo limeoza, na wote nimewalaza juu ya kitu kilichooza. Hata kama wataamka."

"Mimi ni mjomba wako."

"Ndiyo maana. Angekuwa mtu baki, labda ningeshawishika."

Mzee akaanza kucheka, polepole, kutoka chini kabisa, mpaka akashika ubavu.

"Nani alikulea wewe?"

"Wewe."

"Basi mti nimeupanda mwenyewe, na umeniangukia mwenyewe. Sina wa kumlaumu." Akainuka, akavaa kofia. "Nipeleke kwa yule mama. Nitamwomba mimi, waziwazi, bila sufuria."

*

Aliomba akiwa amesimama wima. Alisema yote, hata la chakula, na hakulipunguza. Nahodha Atupele alimsikiliza mpaka mwisho, na aliposimama alijikuta amevua kofia yake ya kazi.

"Mzee wangu," alisema, "hata kwetu kaburi linakaa migombani. Nakuelewa mpaka inaniuma. Lakini kumpa mtu dawa nikijua haamki, hilo halina jina la usingizi. Mkono wangu hautafanya hivyo, na sitamwagiza mtu mwingine afanye."

"Hata mimi nikitaka?"

"Hata ukitaka."

"Basi naona chombo kina wanawake wawili wa chuma," alisema Ta Rwegoshora. "Mtafika."

Muda uliobaki aliutumia kwenye sanduku la baridi, na Kemilembe amechuchumaa kando yake. Alimwonyesha kila chipukizi, jicho lake liko upande gani, litazamishwe wapi. Lipandwe limeinama, lisisimame kama askari. La kwanza lisiliwe. La kwanza likatwe majani yake yatandikiwe mengine. Kisha akachukua sufuria, akakuta imebaki ndizi moja na senene chache zimeganda pembeni. Akaiweka kwenye kipande cha jani.

"Wewe tangu asubuhi hujala," alisema. "Kipimo chako umeshajipima. Kula."

"Na wewe?"

"Mimi chakula kinanikataa, mwanangu. Siku nyingi sasa."

Kemilembe aliikata ndizi vipande viwili. Kipande kidogo akakiweka kwenye kiganja cha mjomba wake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Wewe ndiye unayeondoka," alisema. "Mimi nilishaondoka."

Mzee alikitazama. Akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu, kwa kazi, macho yanalengalenga, akameza. Kemilembe akala chake. Kisha kengele ya Punda ikalia, na Ta Rwegoshora akapita katikati ya abiria wote waliokuwa wamesimama kwenye ujia, akiwagawia buni zilizobaki mfukoni, akiwaambia wasimwangalie kama maiti, yeye ni mtu anayerudi kwake.

Punda akaachia.

*

Punda alifika salama. Ta Rwegoshora aliishi msimu mmoja wa senene na sehemu ya mwingine, akafa, akazikwa Kamachumu kwenye kibanja cha baba yake. Habari zilimfikia Kemilembe akiwa amelala, alizisoma alipoamka.

Wote waliolala waliamka. Ma Kokushubila aliamka na ini safi, na baada ya mavuno ya kwanza likaanza kung'aa tena. Kabyemera aliunganisha mabomba ya kuba lote, akaoa, akanenepa. Nusu ya machipukizi yalioza. Nusu ilishika, na enshakala ndiyo iliyoshika vizuri kuliko zote.

Nahodha Atupele hakuweza kurudi, kwa sababu Jongoo hakuwa na mafuta ya kurudi. Alibaki, akabishana juu ya mapishi ya ndizi mpaka uzeeni, na alipokufa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa huko. Alizikwa migombani. Watoto wakiulizwa kwa nini hapa ni kwao, wanaonyesha kaburi la mama wa Rungwe.

Kemilembe bado anapima. Jeli anaipasha kwapani. Anamwambia kila mtu aje hajala, na wanakuja hawajala. Akimaliza kumpima mtu, anampakulia kwenye jani, na hamwachi atoke mpaka amekula.